Safu ya Tatu ya Daftari

Daftari langu lina safu tatu. Katika ya kwanza naandika aliyesema. Katika ya pili, alichosema. Ya tatu nimeitengea jibu alilopewa na tarehe ya jibu hilo. Nilianza kulitunza nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi na watu wa wadi yetu, huku Makueni, wakanichagua barazani kuwa katibu wa kamati ya mipango ya tabianchi. Safu ya kwanza na ya pili zimejaa mpaka pambizoni. Ya tatu, ukurasa baada ya ukurasa, ni nyeupe.

Weupe huo ndio ulionifanya niandike makala haya. Kila waraka unaotufikia kuhusu mabadiliko ya tabianchi una neno “wadau”. Wadau wameshirikishwa. Maoni ya wadau yamezingatiwa. Kikao cha wadau kitafanyika saa nne asubuhi. Nimekuwa mdau kwa miaka kadhaa sasa, nimetia sahihi karatasi za mahudhurio nisizoweza kuzihesabu, na nimeona mambo mawili yanayoitwa kwa jina hilo moja. Kuna kuitwa, na kuna kusikilizwa. Nchi inayopanga jinsi ya kuishi na jua kali na mafuriko ikichanganya mawili hayo, itajenga vitu vizuri mahali pasipofaa.

Nianze na kazi yenyewe, maana barazani watu huuliza kila mara. Mabadiliko ya tabianchi yanadai kazi mbili. Ya kwanza ni kupunguza gesi zinazoipasha dunia joto, nazo hutoka zaidi kwenye makaa ya mawe, mafuta na ukataji wa misitu. Deni kubwa hapo ni la nchi zilizotajirika kwa viwanda. Ya pili ni kuhimili, yaani kujipanga kuishi na hali iliyokwisha kubadilika: mbegu gani ipandwe, maji yahifadhiwe wapi, daraja lijengwe kwa kimo gani, nani aonywe mapema kabla mto haujafurika. Kenya, ambayo zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yake ni kame au nusu kame, haina hiari katika kazi hii ya pili.

Wakamba hawakungoja waraka wajue kwamba jua lina historia. Wazee wetu waliipa kila njaa kubwa jina lake. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye, kwa sababu ilikuwa ya kila mtu na kila mahali. Ile ya miaka ya mwanzo ya 1980 iliitwa Nikw'a ngwete, yaani nafa nikiwa nazo mkononi: fedha zilikuwepo lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo, nikilipwa mshahara kila mwezi, na naijua maana ya jina hilo kwa tumbo langu. Mtoto wa darasa la tatu alianguka mbele ya ubao wangu kwa njaa, nami nilikuwa na noti mfukoni. Majina hayo ni kumbukumbu ya taifa dogo kuhusu tabianchi. Ndani ya kila jina kuna uchambuzi wa kilichokosekana: mvua, soko, barabara, au serikali.

Kisha ikaja ile ya kuanzia mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imekwisha kukadiria hasara ya ukame wa 2008 hadi 2011 kuwa shilingi bilioni 968.6. Halafu Machi hadi Mei 2024 mafuriko yakafagia madaraja na nyumba, na katika Mai Mahiu watu wengi wakafa usiku mmoja. Kwa watu wetu, jambo hili la tabianchi si la kusikia tu. Linawapata.

Sasa kuhusu sheria, nitapita haraka, kwa kuwa sheria si mahali penye shida. Mwaka 2010, huko Cancun nchini Mexico, mataifa yalikubaliana juu ya utaratibu wa nchi zinazoendelea kuandaa mipango ya taifa ya kuhimili. Mkataba wa Paris wa 2015, kifungu cha 7, unataka kazi hiyo iwe shirikishi na ya wazi, ijali wanawake na makundi yaliyo hatarini, na itumie sayansi bora pamoja na maarifa ya jadi pale yanapofaa. Kenya ilichapisha mpango wake wa 2015 hadi 2030 katika mwaka wa 2016, na mwaka huohuo Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ikapitishwa. Kifungu cha 24 cha sheria hiyo kinazitaka taasisi za umma kuwaelimisha wananchi na kuwauliza maoni zinapotunga sera na mikakati ya tabianchi. Juu ya yote kuna Katiba ya 2010, ambayo katika kifungu cha 10 imeuweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa. Na mahakama haikulala. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikasema ushiriki usiwe desturi tu ya kutimiza wajibu.

Kwa hiyo haki tunayo. Tunachokosa ni saa, lugha, nauli na jibu.

Saa kwanza. Kikao cha saa nne asubuhi ni kikao cha wanaume. Katika mwezi wa tisa, mwanamke wa upande wetu huondoka alfajiri na punda na madumu manne ya lita 20, na hurudi jua likiwa utosini. Ukimwita saa nne kuzungumzia maji, umemwita wakati ambapo yuko kwenye maji. Nilijifunza hili kwa aibu. Kikao cha kwanza nilichoandaa mimi mwenyewe kilikuwa cha saa nne, na nilipohesabu majina jioni niliona wanawake sita kati ya watu arobaini na kitu, wanne kati yao wakiwa walimu na wauguzi. Tulijadili visima siku ile. Waliojadili hawakuwa wanaochota.

Lugha nayo. Wakati mmoja ofisi moja ilituletea rasimu ya mpango mkubwa ili tutoe maoni. Ilikuwa kwa Kiingereza, nene kama kitabu cha hesabu za darasa la nane, na tulipewa siku tatu. Nilikesha usiku mbili nikitafsiri kurasa za maji na kilimo kwa mkono, kwanza kwa Kiswahili, kisha pembeni kwa Kikamba. Nilipofika kwenye neno ambalo Kiswahili chake ni “ustahimilivu”, nililisoma barazani kwa fahari kidogo, maana lilinipa taabu kulipata. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea fimbo yake akainua mkono.

“Mwalimu,” akasema, “hilo ni neno la mti unaopigwa na upepo. Mimi nataka kujua maji yatakuwa wapi mwezi wa tisa.”

Nililiandika swali lake katika safu ya pili kama alivyolisema. Tangu siku hiyo nikipokea rasimu yoyote nalitumia swali hilo kama kipimo. Waraka unaoweza kumjibu yule mzee ni mpango. Usioweza bado ni nia njema, na nia njema haijazi mtungi.

Nauli nitaisema kwa uwazi, kwa sababu watu huona haya kuitaja. Afisa anayetoka mjini kuja kutusikiliza hulipwa posho ya siku, na ni haki yake. Mama anayeacha kibarua cha kupalilia ili aje kusema hupewa soda na mkate. Halafu mwaka unaofuata asipokuja tunaandika kwamba mwitikio wa jamii ni hafifu. Mimi nashikilia kwamba nauli na kifuta jasho viwekwe katika bajeti ya kikao tangu mwanzo, kwa kiwango kinachojulikana, kwa kila mtu. Wapo wanaosema hiyo itawazoeza watu kulipwa ili waseme. Sikubali. Siku ya mtu maskini ina bei, naye anaijua bei hiyo hadi shilingi ya mwisho.

Hata hivyo saa, lugha na nauli zinaweza kurekebishwa na katibu yeyote mwenye bidii. Jambo lililonifundisha zaidi ni bwawa la mchanga, na hapo kosa lilikuwa langu.

Kwa msomaji asiyelijua, bwawa la mchanga ni moja ya vitu vya busara kabisa vilivyopo katika nchi kavu, na Ukambani tunayo mengi. Mito yetu mingi ni ya msimu: hujaa maji ya kahawia kwa saa chache mvua inaponyesha, halafu hubaki njia ya mchanga mtupu. Unajenga ukuta wa mawe na zege kuukata mto, msingi wake ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha katikati ya chembe zake. Robo moja au hata zaidi ya ujazo wa mchanga ule huwa maji. Jua haliyafikii kirahisi, mbu hawapati pa kuzalia, na mama akichimba kidogo au akitumia pampu ya mkono anayapata safi kuliko ya silanga. Lakini kuna masharti. Mwamba lazima uwepo, la sivyo maji hupita chini ya ukuta. Na mchanga lazima uwe wa chembe kubwa. Ukiwa tope laini, unashika maji wala hauyatoi.

Kamati yetu ilipata fedha za kujenga bwawa moja. Mimi ndiye niliyeandika orodha ya wa kualikwa. Niliwaita wazee wa vijiji, viongozi wa makanisa, kikundi cha akina mama, walimu wakuu, mwenye duka la vifaa. Nilijiona nimekamilisha. Kuna kundi moja sikulialika kwa makusudi: vijana wanaopakia mchanga kwenye malori yanayokwenda kujenga Nairobi. Niliwaona ndio adui wa mto. Ungemwitaje mwizi kwenye kikao cha kujenga zizi?

Ukuta ukajengwa karibu na barabara, mahali ambapo lori la saruji lingefika bila taabu. Mvua za Novemba zikaleta mchanga mzuri hadi ukingoni mwa ukuta. Tulikwenda kuomba Mungu pale, tukaimba. Kufikia Agosti mchanga ulikuwa umekwisha. Ulichukuliwa usiku, lori moja moja. Ukuta wetu ukabaki umesimama peke yake mtoni kama mlango usio na nyumba.

Nilikasirika kwa wiki mbili. Kisha nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzoni. Nilikwenda sokoni jioni, pale wanapokaa vijana hao baada ya kazi, nikaagiza chai, nikafungua daftari. Wawili kati yao nilikuwa nimewafundisha kusoma. Hawakunificha. Mmoja aliniambia kwamba kwa kupakia lori moja anapata fedha ambazo shamba la baba yake halikumpa kwa misimu mitatu, na kwamba anamlipia dada yake karo ya sekondari kwa mchanga ule ninaoulilia. Mwingine akasema jambo lililonifanya niache kuandika.

“Mwalimu, pale mlipojenga hakuna mwamba upande wa kushoto. Sisi tumechimba pale miaka. Hata mchanga usingeibwa, maji yangepita. Mwamba uko chini, kwenye kona, chini ya ule mkuyu. Na mchanga wa kona ile ni mnene.”

Hao ndio niliowaacha nje. Walikuwa wanaujua mto kwa koleo, mkono kwa mkono, kina kwa kina. Wanawake nao, nilipowauliza baadaye kisimani na si barazani, wakasema kona ileile: ukingo wake hauna mteremko mkali, punda anashuka bila kuumia miguu. Kundi moja lilizungumza habari za mwamba, jingine habari za kwato, wakafika mahali pamoja.

Bwawa la pili lilijengwa kwenye kona ile. Vijana walilipwa kuchimba msingi, na kwa kuwa kaunti yetu ilikwisha kutunga sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga mwaka 2015, tuliweza kukubaliana wapi mchanga uchukuliwe na wapi usiguswe. Walinzi wa bwawa ni wao. Mkuyu bado upo.

Tangu hapo neno “mdau” lina maana moja kwangu. Ni mtu ambaye mpango utamgusa, na pia ni mtu ambaye asipokuwemo mpango unaweza kuvunjika mikononi mwake. Huyu wa pili ndiye tunayemsahau, kwa sababu mara nyingi hatumpendi.

Jirani zetu wa kaskazini wametufundisha upande mwingine wa jambo hili. Katika Isiolo, Waborana wana utaratibu wao wa zamani wa kusimamia malisho unaoitwa dedha. Wazee wa dedha huamua malisho ya masika ni yapi, ya kiangazi ni yapi, na yapi yafungwe yasiguswe mpaka ukame ukaze kabisa. Kwa miaka mingi wapangaji waliona nyika tupu na kuchimba visima popote, mifugo ikajazana penye akiba, na akiba ikaisha kabla ya ukame. Kaunti ya Isiolo ilipokuwa ya kwanza kujaribu hazina ya tabianchi ya kaunti, mwanzoni mwa miaka ya 2010, wazee walikaa na wataalamu mbele ya picha za setilaiti, wakataja kila kisima, kila njia ya mifugo, kila eneo la akiba. Yaliyokuwa vichwani mwao yakawa ramani ambayo afisa wa mipango anaweza kuibandika ukutani. Na sehemu ya fedha za mwanzo haikwenda kwenye saruji. Ilikwenda kuwawezesha wazee wa dedha kukutana na kusimamia kanuni zao. Nilipolisikia hilo nilifurahi sana. Mtu wa mjini akiulizwa kuhusu ukame hufikiria kisima. Waborana walijua kwamba kisima bila mzee wa kukifunga ni hatari.

Hazina hiyo ndiyo iliyonifanya niamini kwamba ushiriki unaweza kuwa na meno. Muundo wake ni rahisi. Kaunti inatenga sehemu ya bajeti yake ya maendeleo kwa ajili ya tabianchi. Makueni tulipitisha kanuni zake mwaka 2015 na tukaweka asilimia 1. Kati ya fedha za hazina, asilimia 70 zimekusudiwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, asilimia 20 miradi ya kaunti nzima, na asilimia 10 uendeshaji. Kamati ya wadi huchaguliwa barazani, mbele ya watu. Ikiwa mradi umetimiza vigezo, ofisi ya juu inaweza kusaidia kuuboresha, lakini haina ruhusa ya kuuondoa na kuweka wake. Hapo ndipo tofauti ilipo. Katika vikao vingine nilivyohudhuria, tulisema na wengine wakaamua. Hapa tulisema, tukahesabu fedha, tukagombana, tukaamua, na lawama tukazibeba wenyewe, zikiwemo za bwawa la kwanza.

Kitaifa sasa kuna mpango uitwao FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2021, na unazihusu kaunti zote 47. Ili kaunti ipate fedha hizo lazima iwe na sheria yake ya tabianchi, iwe na kamati, na itathmini hatari za tabianchi pamoja na wananchi. Ni hatua kubwa, nami naiunga mkono kwa moyo wote.

Lakini mpango wa taifa ni jambo pana kuliko fedha za wadi, na hapa ndipo daftari langu linaponiuma. Maneno ya wadi yanapanda ngazi. Kutoka kijijini yanaingia kwenye mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano. Kutoka huko yanakutana na ya kaunti nyingine na kuingia kwenye mpango wa utekelezaji wa taifa, ambao nao huandikwa upya kila miaka mitano. Kila ngazi wanapanguza kidogo ili karatasi isiwe ndefu. Mwaka mmoja nilifuatilia maombi tisa ya wadi yetu kuhusu maji. Moja lilisema punda hawawezi kushuka kwenye ukingo fulani. Moja lilisema shule fulani haina mfereji kwenye paa. Moja lilikuwa lile la mzee, maji ya mwezi wa tisa. Nilipoyatafuta katika waraka wa juu niliyakuta yamekuwa mstari mmoja: kuboresha upatikanaji wa maji. Mstari huo si uongo. Ila punda hayumo, mwezi wa tisa haumo, na mhandisi atakayeusoma akiwa Nairobi atajenga karibu na barabara.

Najua haiwezekani waraka wa taifa ubebe kila punda. Ninachodai ni njia ya kurudi. Waraka ukishaandikwa, mtu ashuke nao ngazi zilezile, kwa lugha inayoeleweka, aseme: mlisema haya tisa, manne yamo hapa, matatu tumeyarudisha kaunti kwa kuwa ni kazi yake, mawili tumeyakataa na sababu ni hizi. Kazi hiyo inaweza kufanywa katika redio ya Kikamba kwa nusu saa. Inaweza kufanywa baada ya ibada. Hugharimu kidogo kuliko hoteli ya kikao kimoja cha wadau. Kutoifanya ndiko kunakowachosha watu. Husemwa kwamba wananchi wamechoka na vikao. Mimi niko nao, nawaona. Wamechoka kusema mahali ambapo maneno hayarudi.

Kuna sehemu ambazo njia ya kurudi imekwisha kuzoeleka. Kabla ya msimu wa mvua, katika kaunti kadhaa, watabiri wa Idara ya Hali ya Hewa hukaa meza moja na wakulima, wafugaji na wazee wanaosoma dalili za kienyeji. Kila upande unatoa utabiri wake, wanalinganisha, wanakubaliana ushauri wa msimu: panda pojo mapema, punguza mahindi, uza mbuzi wawili sasa wakiwa na mwili. Msimu ukiisha wanakutana tena na kuulizana nani alipatia. Magharibi mwa nchi, katika Bunyore, ukoo wa Nganyi wenye sifa ya kusoma mvua kwa vizazi vingi umefanya kazi na wanasayansi kwa njia hiyo. Nilihudhuria kikao cha namna hiyo huku kwetu, na kilichonigusa ni adabu yake. Mtabiri kijana alisema kwa sauti, “Msimu uliopita sisi tulikosea kuhusu tarehe ya kuanza.” Wazee wakamtazama kwa namna mpya. Utabiri wake wa msimu ule waliufuata.

Sitaki nieleweke kwamba wananchi hawakosei. Tunakosea. Tunaweza kupiga kura kwa mikono yote juu na kuchagua kitu ambacho ardhi haikikubali. Hiyo ndiyo habari ya ukurasa wa mwisho ulioandikwa katika daftari langu.

Kijiji kimoja kiliomba kisima kirefu. Aliyeongea alikuwa mama mkongwe, mjane, ambaye sikuwahi kumwona akisema barazani. Aliongea kwa muda mrefu, akasimulia jinsi wajukuu wanavyochelewa shule, na watu wote wakapiga makofi. Niliandika jina lake safu ya kwanza, kisima safu ya pili, na kwa mazoea nikaiacha ya tatu.

Baada ya miezi mitatu mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi alituletea jibu. Alikuja mwenyewe, kwa boda boda, siku ya soko, alasiri, saa ambayo wanawake wamekwisha kutua madumu. Alikuwa na chupa mbili za maji kutoka visima vya jirani. Hakuanza kwa hotuba. Alimimina maji kwenye vikombe, akampa kila mtu aonje. Walionja, wakatema. Akaeleza kwa Kikamba jinsi mawe ya upande ule yanavyotia chumvi kwenye maji ya chini, akaonyesha kwa kidole kwenye ramani mstari ambao chumvi inaanzia, akasema gharama ya kuyachuja ingeila bajeti ya wadi nzima na mashine ingekufa ndani ya miaka michache bila mafundi. Kisima hakitachimbwa. Aliulizwa maswali kwa saa nzima, mengine kwa hasira, na hakuondoka.

Nikaandika katika safu ya tatu: Hapana. Maji ni ya chumvi. Tumeonja. Nikaweka tarehe.

Yule mama alikuwa ameketi karibu nami. Akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea. Akanyamaza kidogo, akausogeza mkeka wake mbele.

“Basi andika tena jina langu,” akasema. “Ile shule ina paa kubwa la mabati na haina hata mfereji mmoja.”